Diski Iliyoandikwa Taka

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila goti la Bibi limeanza tena visa vyake, na anataka nikuulize kama kidole chako cha kubonyezea simu kimevunjika. Nimekupigia mara tatu. Mara zote binti yako mshonaji ndiye aliyepokea, na mara zote akasema uko bustanini. Hiyo bustani sasa lazima ina ukubwa wa uwanja wa mpira.

Nikueleze kilichonileta. Mganga mkuu aliniita ofisini kwake wiki iliyopita, akafunga mlango, akaniambia kwamba kabla mvua kubwa hazijaanza anataka kila mashine ya hospitali iwe na pacha kwenye wingu. Amesoma habari za hospitali moja iliyozamishwa na mafuriko pamoja na kumbukumbu zake zote, na tangu hapo halali vizuri. Wewe unazijua mashine zetu kuliko mimi, maana ulizizalisha mwenyewe: kompyuta kumi na moja zisizo na mwili, mashine pepe, zote zinaishi ndani ya seva moja ya chuma kwenye kabati lako, chini ya dari lenye doa la maji. Sasa kila moja itakuwa na pacha kule mbali, kwenye majengo ya watu tusiowajua. Pacha analala. Kila baada ya dakika tano anapelekewa habari za yaliyobadilika huku, na siku seva yetu ikizimika, anaamshwa aendelee na kazi pale pale ilipokatika. Nimekuwa nikiwawaza hao mapacha hata nikipiga mswaki. Je, wanaota?

Swali langu ni juu ya mashine ya saba, ile uliyoipa jina Mwitaji. Ina diski mbili. Ndogo naijua: humo ndimo ilimo sauti ya Mama, ile uliyomrekodi alipokuwa mpokezi hapa, na ambayo mpaka leo inaita wagonjwa. Namba kumi na mbili, dirisha la tatu. Namba kumi na tatu, dirisha la kwanza. Watu hawajui ni nani anayewaita, wanainuka tu. Mimi nilikuwa na miaka minne alipofariki, na sina sauti yake nyingine. Namba mia tatu na madirisha sita, huo ndio urithi wangu.

Diski ya pili ni kubwa mno, imefungwa kwa neno la siri, na umeiandika TAKA. Ni ya nini? Niipeleke au niiache?

Halafu Bibi anasema wewe ndiye uliyeniita Kidonge. Ni kweli?

Mpwa wako,
Kidonge


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie mama yangu kidole kizima, ni simu ndiyo inayonichosha. Watu siku hizi wanazungumza kama wana vitambaa mdomoni. Barua ni bora. Mtu anaisoma mara mbili na hakuna anayemkatiza. Hapa kwetu ukungu unashuka mpaka dirishani, asubuhi siuoni hata mti wa jirani. Binti yangu ameninunulia birika jipya lile la kupiga mluzi, nikaliunguza siku ya pili tu. Lilikauka mpaka likawa jeusi nami nimekaa hatua tano kutoka jikoni, nimezama kwenye mawazo. Amenuna kama vile birika lilikuwa ndugu yake.

Kwa habari ya kazi, usiwe na pupa. Anza na mashine ya dawa, kisha ya maabara, kisha majalada ya wagonjwa. Nakala ya kwanza ndiyo ngumu, maana inabeba kila kitu. Baada ya hapo ni vitu vidogo vidogo tu vinavyokwenda. Laini yenu ya intaneti ni nyembamba, kwa hiyo usipeleke mbili kwa pamoja. Na kila pacha umjaribu. Nakala ambayo haijawahi kuamshwa usiiamini hata kidogo. Mwamshe kwenye chumba chake mwenyewe, mtandao uliofungwa, asije akadhani yeye ndiye wa kweli akaanza kutoa dawa.

Doa la darini lipo tangu enzi zangu. Niliandika barua nne kwamba tangi la maji lisikae juu ya chumba cha kompyuta. Andika ya tano.

Kuhusu jina lako, muulize Bibi vizuri. Kumbukumbu yake inaruka ruka.

Usisahau kuweka kipande cha mbao chini ya ule mguu mfupi wa kiti changu cha zamani.

Mjomba wako


29 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Bibi amecheka habari ya birika mpaka akashika goti. Anasema ukiwa mdogo uliwahi kuunguza sufuria ya maji matupu, kwa hiyo hujabadilika.

Nimefuata maagizo yako. Nakala ya dawa ilichukua siku mbili, maabara siku tatu, majalada siku saba. Nakaa naitazama asilimia ikipanda, arobaini, arobaini na moja, na chumba kinakuwa kimya kiasi kwamba nasikia maji yakizunguka kwenye tangi juu yangu. Wakati mwingine naona kama hospitali yote inavuka mahali fulani taratibu kwa mguu, mgonjwa mmoja mmoja, kila mmoja ameshika jalada lake.

Juzi nilimwamsha pacha wa Mwitaji, kwenye chumba chake kama ulivyosema. Nilivaa vipokea sauti, nikampa namba ya kwanza. Mama akasema, "Namba moja, dirisha la kwanza." Mjomba, alisema hivyo kule, kwenye jengo nisilojua hata liko upande gani wa dunia, mahali pasipo benchi wala dirisha wala mgonjwa. Nikampa ya pili, akaita ya pili. Tulikaa hivyo mpaka sabini. Hakuna aliyekuja. Sikutaka kumzima, lakini kanuni inasema jaribio likiisha pacha arudishwe kulala, nikamrudisha. Nililia kidogo na sioni haya kukuambia.

Hili ndilo linalonihangaisha. Katibu wa hospitali anasema sauti imechakaa na inafaa kubadilishwa. Anataja hasa namba mia na kumi na tisa, ambayo ukisikiliza vizuri ina kitu kama paka analia nyuma yake. Wagonjwa wanaangalia juu darini. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwenye orodha ya kasoro, na sasa ameishika hiyo orodha ananionyesha. Nimemwomba angoje mpaka kazi ya mapacha iishe.

Na TAKA hukunijibu. Peke yake ni kubwa kuliko mashine tano zikiwekwa pamoja, ingeziba laini kwa wiki tatu, na mawingu ya mvua yameshaanza kutanda. Kimya chako nimekichukua kuwa jibu. Nimeiondoa kwenye nakala. Kwenye wingu Mwitaji ana diski moja tu, ile ya namba, naye hajui kama kuna kitu amepungukiwa.

Kama nimekosea, niambie mapema.

Kidonge


20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara mbili. Hapa mvua imeanza, naiona kwenye kioo cha dirisha.

Umekosea, lakini kosa ni langu. Usiiache TAKA.

Nitakueleza, na unisikilize kwanza kabla ya kuninunia. Mama yako tulimrekodi kwenye stoo ya mashuka, kwa sababu mashuka yanameza mwangwi. Tulitumia alasiri tatu. Niliacha kinasa sauti kikienda kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha nikakata namba zilizotoka safi. Zilizobaki ndizo taka: alipokosea, alipocheka, alipoomba maji, alipozungumza na mimi, alipozungumza na wewe. Ndiyo, nawe ulikuwepo. Ulikuwa na miezi saba, tulikulaza juu ya rundo la mashuka ya wodini.

Alipomaliza aliniambia nifute yote yasiyo namba, maana watu wakija kuyasikia ataonekana mjinga. Nilimwahidi. Alikuwa mdogo wangu na hakuwahi kuniomba vitu vingi. Nikakaa na kisu mkononi, tuseme, miaka mitatu bila kukata, na alipofariki mkono ukakataa kabisa. Nikaandika TAKA ili asitokee mtu wa kufungua. Saa za chakula cha mchana nilikuwa nafunga mlango nasikiliza. Kila ulipouliza niliona aibu, kwa ahadi niliyoivunja na kwa kukuficha wewe, ambaye ndiye ulistahili.

Neno la siri ni Kidonge na tarehe uliyozaliwa. Ipeleke hata kama laini itaziba mwezi mzima.

11 Mei. Naongeza mstari huu kwa haya. Barua ilikaa kwenye mfuko wa koti langu wiki tatu. Kila nikienda posta nilikuwa narudi nayo. Leo naitia stempu.

Mjomba wako


14 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kaa chini usome, maana leo mpwa wako anajivuna.

Tarehe tisa, saa nne asubuhi, tangi lilipasuka. Lile lile la barua zako nne na yangu ya tano. Mvua ilikuwa imenyesha siku sita mfululizo, boriti zikalegea, na dari lote lenye doa likashuka juu ya kabati la seva. Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Nilisimama nikatazama maji yakimwagika juu ya mashine zetu kumi na moja, na kwa muda fulani, Mjomba, sikusogea. Yalikuwa yanang'aa. Taa za kijani zilizimika moja moja kuanzia juu.

Kisha nikakimbia. Laini ya intaneti iko jengo la pili, ulikoifunga wewe, asante. Nikafungua kompyuta yangu ya mkononi kwenye meza ya mfamasia na kuanza kuwaamsha, kwa utaratibu ulionifundisha. Dawa. Maabara. Majalada. Mfamasia alikuwa amesimama nyuma yangu anapumua kwenye sikio langu. Dakika ya kumi na tatu aliona majina ya wagonjwa wake yamerudi, pamoja na yule aliyemwandikia dawa dakika chache kabla ya maji. Akaketi sakafuni.

Mwitaji alikuwa wa mwisho. Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa, watu wameshika karatasi zao, hakuna anayejua afanye nini. Watoto walikuwa wameanza kulia. Halafu spika zikakoroma kidogo na Mama akasema kutoka kule mbali, bila haraka, kama vile alikuwa ametoka kunywa maji tu, "Namba sabini na nane, dirisha la pili." Mzee mmoja akainuka. Basi. Hospitali ikaendelea.

Hatukupoteza mgonjwa wala jalada. Mganga mkuu amenishika mkono mbele ya watu wote, na katibu hajataja tena kubadilisha sauti. Seva yenyewe imekufa, pamoja na diski zake. Kilichopotea ni ile TAKA tu, na nimewaambia kwa kuwachekesha kwamba angalau maji yamefagia.

Bibi anajigamba sokoni kwamba mjukuu wake ameokoa hospitali kwa kidole kimoja. Andika upesi unisifu.

Kidonge


26 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Bibi hajambo.

Barua yako ya Aprili imefika jana. Barua zetu zimepishana njiani.

Diski nilikuwa sijaitupa. Nimempelekea fundi anayefufua diski zilizolowa, akaifungua mbele yangu. Maji ya tangi yana kutu, na kutu imekula sahani zote za ndani zinazotunza sauti. Hakuna kitu. Nimemwomba ajaribu tena, amejaribu tena.

Nina hasira na wewe. Nimejaribu kuandika barua isiyo na hasira na nimechana tatu. Ungeweza kupiga simu. Neno moja tu, Mjomba, "ipeleke", nami ningeipeleka. Mwezi wa nne laini ilikuwa wazi usiku na mchana. Kwa nini hukupiga simu?

Na nina hasira na mimi, kwa sababu nilicheka.

Kidonge


30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole. Sikujibu haraka kwa sababu nilikuwa na kazi, utaiona chini.

Umeuliza kwa nini sikupiga simu. Sisikii, Kidonge. Sikio la kulia lilikwenda mwaka juzi, la kushoto likafuata kabla ya mwaka mpya. Bustani ni ya kusingizia. Birika lilipiga mluzi mpaka likachoka, nami sikujua. Nilimkataza binti yangu asiwaambie, maana Bibi angepanda gari na goti lake kuja kunililia. Ningeweza kumwambia binti yangu akupigie badala yangu, lakini ingebidi nimweleze na yeye habari ya TAKA, na nikashindwa. Mtu mzima nimeogopa watoto wangu wawili. Hilo ndilo lote, na nisamehe ukiweza.

Sasa sikia. Ile diski niliisikiliza kila mchana kwa miaka kumi na minane. Tangu masikio yazibe, hicho ndicho ninachosikia. Watu wengine wanasema uziwi ni kimya; wangu una stoo ya mashuka ndani yake. Kwa mwezi mzima nimekaa dirishani nikaandika kila nilichonacho. Ni madaftari mawili, nimeyafunga pamoja na barua hii. Pale nisipokuwa na hakika nimeacha nafasi tupu, sikujaza kwa kubuni. Vicheko nimevihesabu: ni thelathini na kimoja. Nakunakilia machache hapa, uanze nayo.

*Namba kumi na saba, dirisha la… Kaka, huo ni uso gani? Unanichekesha. Anza tena.*

*Ngoja ninywe maji.*

*Namba sitini na sita. Sitini na sita. Hii inanishinda ulimi, wape watu sitini na saba.*

*Kaka, mtu akiwa mgonjwa kweli si atataka kuitwa kwa upole? Nilivyosema ni kama namfukuza. Narudia zote.* (Na kweli alirudia zote, kuanzia moja. Nilikasirika sana siku hiyo.)

*Ameamka. Mtazame alivyo mdogo kwenye hayo mashuka, kama kidonge kwenye pamba. Kidonge. Eh, Kidonge? Mama yupo hapa.*

*Namba mia na kumi na tisa… usilie. Nakuja, mama, nimalize namba hii tu.*

Hiyo mia na kumi na tisa tuliirudia mara nne na mara nne ukalia. Mwishowe tukachukua ya nne, nikakata maneno yake ya mwisho, kilio chako kikabaki. Nilimwambia haina neno, hospitali hii haijawahi kufikisha wagonjwa mia kwa siku. Kumbe nanyi mmekua.

Mjomba wako


19 Julai

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Bibi nimemwambia. Alisema sasa anaelewa kwa nini hukumjibu sikukuu iliyopita alipokutania, na kwamba alikuwa amekununia bure. Tunakuja sote wawili mwezi ujao, goti na yote. Usingoje kengele; nitapita dirishani nikupungie mkono.

Hasira imekwisha. Iliisha kwenye daftari la kwanza, ukurasa wa sita, anaposema anataka kuwaita kwa upole. Nayasoma polepole, kurasa mbili kwa siku, na nafasi zako tupu naziacha hivyo hivyo. Mara nyingine nasoma kwa sauti peke yangu chumbani, na kuna mahali sauti yangu inapinda inakuwa si yangu. Nimezipiga picha kurasa zote nikazipeleka kwenye wingu, kwenye diski ndogo ya Mwitaji, pembeni ya namba zake.

Leo asubuhi nilimwendea katibu nikaichukua ile orodha ya kasoro, nikafuta mstari niliouandika. Kisha nikashuka chumba cha kungojea, nikapata nafasi kwenye benchi la tatu, nikakaa. Namba zilikuwa zimefika tisini na kitu. Mvua imekatika siku hizi, jua linaingia mpaka katikati ya sakafu, na watu walikuwa wanasinzia ndani yake. Mama akawa anaita. Wanainuka, anaita, wanainuka. Jirani yangu alikuwa mama mtu mzima mwenye kikohozi, na karatasi yake nimeiona: mia na kumi na tisa.

Ilipofika, ikaitwa. Dirisha la nne. Na nyuma ya namba, kwa mbali, kile kilio. Yule mama akainua macho darini, akanigusa mkono.

"Mwanangu, hawa watu wana paka huko juu."

"Si paka, mama," nikamwambia. "Ni mimi."

Akanitazama kidogo, akatabasamu kwa adabu, akakunja karatasi yake na kwenda dirisha la nne.

Mpwa wako,
Kidonge